Bamba la Yoshua na Waumini wa Barabarani

Mchongaji Lorenzo Ghiberti aliuweka muujiza mbali. Katika bamba lake la bronzi linalosimulia habari za Yoshua, kuta za Yeriko zinapasuka juu kabisa, nyuma ya kila kitu kingine, ndogo kiasi kwamba mtazamaji mwenye haraka anaweza kupita bila kuziona nyufa. Nafasi kubwa ya mbele ameipa watu walio safarini. Wanavuka Yordani pakavu, wanajitwika mawe, wanapiga hema, kisha wanauzunguka mji wakipuliza baragumu.

Kazi hiyo ilifanywa Florence, Italia, karibu miaka 600 iliyopita. Mimi naandika kutoka Jericho (yaani Yeriko) ya Nairobi, mtaa wa Rabai Road na uwanja wa Camp Toyoyo, na kwa miaka mingi nimefundisha vijana wa Eastlands, upande wa mashariki wa jiji, kuchora na kufinyanga. Msimamo wangu ni huu: bamba la Yoshua ni kazi ya ibada iliyotengenezwa kwa ajili ya watu wanaotembea, na hakuna watu walioandaliwa kulisoma kuliko waumini wa mitaa hii. Tena, mafundi wa kutengeneza kazi ya aina hiyo tunao. Kinachokosekana ni makanisa kuwaagiza.

Tuanze na kazi yenyewe. Bamba la Yoshua ni moja kati ya kumi yaliyomo katika milango ya upande wa mashariki ya nyumba ya ubatizo ya Florence, jengo linalotazamana na kanisa kuu la jiji hilo. Kila bamba ni mraba wa karibu sentimita 80. Milango yote miwili ina kimo cha zaidi ya mita 5. Mkataba ulitiwa sahihi Januari 1425, na waliolipa ni chama cha wafanyabiashara wa nguo kilichoitwa Calimala, ambacho ndicho kilichotunza jengo hilo. Milango ilitundikwa mwaka 1452. Miaka 27 ilipita kati ya mkataba na kutundikwa. Giorgio Vasari, aliyeandika maisha ya wasanii wa Italia karne iliyofuata, anasimulia kwamba Michelangelo alipoitazama alisema inastahili kuwa milango ya Paradiso, na jina hilo limeishika mpaka leo.

Ghiberti hakuwa mgeni mahali pale. Mwaka 1401, akiwa kijana wa umri wa miaka ishirini na ushee, aliingia katika shindano la kupata fundi wa milango mingine ya jengo hilohilo. Washindani walikuwa saba, na kila mmoja alitakiwa kuonyesha Ibrahimu akiwa tayari kumtoa Isaka sadaka. Mabamba mawili ya shindano hilo yamehifadhiwa katika jumba la makumbusho la Bargello: la Ghiberti na la Filippo Brunelleschi. Mtu wa tanuri akiyageuza kutazama mgongo ataelewa mengi. Brunelleschi alitengeneza sanamu zake kipande kipande na kuziunganisha juu ya bamba. Ghiberti alimimina karibu kazi yote kwa mkupuo mmoja, ikiwa na uwazi kwa nyuma, na ikatoka nyepesi kuliko ya mwenzake kwa takriban kilo 7. Shaba na bati vilikuwa ghali. Waamuzi walikuwa watu wa biashara pamoja na mafundi, na fundi aliyejua kubana matumizi ya madini bila kupunguza uzuri alikuwa na hoja nzito mkononi.

Sasa tulitazame bamba la Yoshua kwa utulivu. Liko katika ubawa wa kulia, la nne kutoka juu. Chini, sehemu ya mbele, Yoshua yuko garini, na Sanduku la Agano linavushwa kwenye mkondo uliokauka. Wanaume wamejitwika mawe mabegani. Ndiyo mawe kumi na mawili ambayo kitabu cha Yoshua kinasema yalitolewa katikati ya mto ili yawe ukumbusho. Katikati ya bamba kuna hema za kambi na miti. Juu, nyuma ya hayo yote, mji umezungushiwa kuta na minara, umati unaupita na Sanduku na baragumu, na mawe ya minara yanaanza kuachana.

Kwa nini mto uwe mbele na ushindi uwe nyuma? Jibu liko katika jengo. Hii ni nyumba ya ubatizo, na tangu zama za kale Wakristo wameuona ule uvukaji wa Yordani kuwa kivuli cha ubatizo, kwa kuwa Kristo mwenyewe alibatizwa katika mto uleule. Watoto wa Florence walipelekwa katika jengo hili kubatizwa. Ghiberti aliwawekea wazazi wao picha ya kile walichokuwa wanakwenda kufanya: kuingia majini, kisha kuanza safari ndefu. Kuanguka kwa Yeriko kunakuja baada ya kuvuka, baada ya kupiga kambi, baada ya siku saba za kuzunguka. Kwa mpangilio huo bamba linamfundisha muumini kwamba imani inaanza kwa hatua za kawaida, huku mzigo ukiwa begani na jirani akiwa ubavuni.

Hayo mawe ya mabegani nayo yana uzito wake. Kitabu cha Yoshua, sura ya 4, kinaeleza sababu ya kuyabeba: siku moja watoto watauliza mawe haya ni ya nini, na wazazi wawe na la kuwajibu. Sijui maelezo mafupi na bora kuliko hayo kuhusu kazi ya sanaa ya ibada. Inawekwa mahali pa wazi ili izue swali, na mkubwa aliye karibu analazimika kusimulia.

Umbo la kazi hii linastahili nafasi yake. Sanamu ya bapa yenye michongo iliyoinuka iko kati ya mchoro na sanamu kamili. Fundi ana kina cha sentimita chache tu, na ndani ya kina hicho anapaswa kuweka mto, kambi, mji na maelfu ya watu. Watu wa mbele katika bamba la Yoshua wamejitokeza kiasi cha kukaribia kuwa sanamu kamili. Mikono na vichwa vinatoa vivuli halisi. Wa katikati wameinuka kidogo. Wa nyuma kabisa, wale wanaopuliza baragumu chini ya kuta, wameinuka kiasi ambacho kidole kingekihisi kabla ya jicho. Donatello, aliyewahi kufanya kazi katika karakana ya Ghiberti, aliusukuma ujuzi huu hadi mpakani kwa michongo iliyobapa kama ngozi ya ngoma. Ghiberti alichanganya vimo vyote katika bamba moja, kisha akalipaka dhahabu lote, mbele na nyuma, mtu na jiwe. Dhahabu hiyo moja inaufanya mwanga uteleze kutoka mbele hadi nyuma bila kukwama, na umbali unaonekana ingawa haupo.

Na dhahabu hiyo ilikuwa na gharama ya afya. Ilichanganywa na zebaki, ikapakwa juu ya bronzi, kisha ikapashwa moto hadi zebaki ikaondoka kama mvuke. Mvuke huo ni sumu. Tunapousifu ung'avu wa Florence tuwakumbuke pia vibarua waliovuta hewa hiyo.

Hatua zilizotangulia dhahabu zilikuwa ndefu. Kwanza umbo lilifanywa kwa nta. Nta ikazungushiwa udongo wa kalibu, ikaachiwa njia za kuingizia madini na za kutolea hewa, kisha ikapashwa moto mpaka nta yote ikatoka. Bronzi, yaani shaba iliyochanganywa na bati, iliyeyushwa kwenye joto la karibu nyuzi 1,000 za Selsiasi na kumiminwa mahali nta ilipokuwa. Mabamba yote kumi yalikuwa yamemiminwa kufikia mwisho wa miaka ya 1430. Baada ya hapo kazi ya tindo, nyundo na tupa iliendelea kwa zaidi ya muongo mmoja, kunoa nyuso, kuchora nywele, kusafisha pindo za nguo. Ghiberti alisaidiwa na kundi kubwa. Michelozzo alikuwemo, Benozzo Gozzoli aliajiriwa mwaka 1444 akiwa bado kijana, na Vittorio, mwana wa Ghiberti, alifanya kazi pamoja na babake. Anayedhani kazi kuu za Renesansi zilitoka kwa mtu mmoja aliyejifungia na kipaji chake afikirie karakana yenye moshi, makelele, wanafunzi na mahesabu ya mkaa.

Afrika Mashariki nayo ilipita Florence wakati patasi bado zinagonga. Mwaka 1441 wajumbe wa Kanisa la Misri na watawa Wahabeshi kutoka Jerusalem walifika Florence kuhudhuria mtaguso ulioitishwa na Papa Eugenio IV kuleta umoja wa makanisa. Walikuta mabamba ya Ghiberti yamekwisha kumiminwa na yanaendelea kunolewa. Kutoka Florence walikwenda Roma. Safari yao haikupotea hewani, kwani mchongaji Filarete, aliyekuwa akimtengenezea Papa huyohuyo milango ya bronzi ya kanisa la Mtakatifu Petro, aliwaweka katika ukanda mwembamba wa michongo kati ya mabamba makubwa: wajumbe wakipokelewa na Papa, kisha wakiingia Roma. Milango hiyo ilikamilika mwaka 1445 na bado ipo. Ghiberti naye alilitenga bamba lake la mwisho kwa Suleimani na Malkia wa Sheba, ambaye Wahabeshi humwita Makeda na kumhesabu kuwa mama wa wafalme wao. Kwa hiyo Mkristo wa upande wetu wa dunia akiitazama bronzi ya karne ya 15 haitazami mali ya wageni pekee. Jirani zake wamo ndani yake, na wanaonekana kama wasafiri wa imani.

Hapo ndipo Eastlands inapoingia. Njoo Jogoo Road Ijumaa Kuu. Wakatoliki wa mitaa wanatoka na msalaba wa mbao, wanasimama kituo baada ya kituo, wanapiga magoti juu ya lami, na magari yanasubiri. Njoo Jumapili ya kawaida uwakute Jeshi la Wokovu, waliofika Kenya mwaka 1921, wakipita kati ya nyumba na tarumbeta za brasi na ngoma. Waone waumini wa African Israel Nineveh, kanisa lililoanzishwa na Zakayo Kivuli mwaka 1942, wakiwa na kanzu, vilemba na bendera, wakizunguka mtaa kwa wimbo na ngoma kabla ya kuingia ibadani. Waone waumini wa makanisa ya Akorino na ngoma zao. Hawa wote wanaamini kwamba mahali fulani panaweza kubadilika kwa kuzungukwa na watu wanaosali. Wanaijua raha ya hatua mia zinazogonga pamoja, na wanajua magoti yanavyouma jioni.

Mwaka baada ya mwaka nimewaonyesha wanafunzi picha kubwa ya bamba la Yoshua bila kuwaambia ni nini. Mwanafunzi aliyelelewa katika kanisa la maandamano hulitambua upesi. Huonyesha wapuliza baragumu, humtafuta anayeongoza, huuliza wanawake wako wapi, na huona kwamba umati umepindika kufuata ukuta. Maswali hayo ndiyo ambayo wataalamu hufundishwa kuuliza vyuoni. Kwake yanatokana na kuwahi kuwa ndani ya umati kama huo, akaona mgongo wa aliye mbele na akasikia wimbo ukichelewa kufika safu ya mwisho. Ghiberti alijua hayo pia. Florence ya wakati wake ilikuwa mji wa maandamano ya ibada, na Juni 24, sikukuu ya Yohane Mbatizaji, ndiyo ilikuwa kubwa kuliko zote.

Lakini ingia ndani ya makanisa yetu mengi uone yaliyotundikwa ukutani. Utakuta vituo vya Njia ya Msalaba vya plasta iliyopakwa rangi, vilivyonunuliwa tayari, vyenye nyuso zilezile ambazo ungezikuta katika nchi yoyote. Sivibezi. Watu wamelia mbele yake na kufarijika, na chombo kilichobeba machozi ya waumini kinastahili heshima. Ninachosikitikia ni pengo. Imani inayotembea kwa nguvu kiasi hiki barabarani haina umbo lake yenyewe ukutani. Mtoto wa Jericho anatazama Simoni wa Kirene akisaidia kubeba msalaba, na hakuna chochote katika ule mkono wa plasta kinachomkumbusha mkono wa babake anayesukuma mkokoteni.

Nchi hii ina mifano ya kutosha kuonyesha kwamba pengo hilo linazibika. Mwaka 1959 Elimo Njau, Mtanzania aliyesomea sanaa Makerere, alichora kuta za kanisa la kumbukumbu la Murang'a. Kristo wake na watu wanaomzunguka ni Waafrika, na mandhari ni ya nyanda zetu za juu. Hiyo ilikuwa nchi iliyotoka tu katika umwagaji damu wa Mau Mau, na kanisa lenyewe lilijengwa kuwakumbuka Wakristo waliouawa. Ilihitaji ujasiri. Karibu zaidi nasi, Edward Njenga, aliyefanya kazi ya kijamii Eastleigh, alifinyanga kwa udongo watu wa kawaida wa jiji hili, wachuuzi na maskini, kwa upendo ambao Donatello angeutambua. Udongo na nta ni ndugu. Anayeweza kufinyanga uso wa mchuuzi anaweza kufinyanga uso wa Veronika wa Njia ya Msalaba.

Je, madini? Mafundi wa Kibera wamekuwa wakiyeyusha mabomba, makufuli na mifereji mibovu ya brasi na kutoa vipuli na bangili zinazouzwa hadi nje ya nchi. Karakana za Kariobangi zinamimina alumini chakavu kwenye kalibu za mchanga. Kamukunji wanafua bati siku nzima. Jambo la kiufundi ambalo viongozi wa makanisa wangepaswa kulijua ni hili: kalibu ya mchanga haifai kwa sanamu kamili yenye mikono inayotoka huku na huku, kwa sababu kielelezo hakiwezi kuchomolewa bila kuubomoa mchanga. Kwa mchongo wa bapa usio na sehemu zilizojikunja kwa ndani, inafaa kabisa. Kielelezo cha udongo kinahamishiwa kwenye plasta au mbao, kinakandamizwa mchangani, kinatolewa kwa juu, na madini yanamiminwa. Maana yake ni kwamba aina hii ya sanaa ndiyo iliyo karibu zaidi na ujuzi ambao Eastlands tayari inao. Hatuhitaji kungoja karakana ya nta ya kiwango cha Italia. Tunahitaji mchongaji anayekubali kubana kina chake ndani ya sentimita mbili, na fundi wa tanuri aliyezoea kumimina vipuri akubali kumimina nyuso.

Kuna pingamizi mbili ninazozichukulia kwa uzito. Ya kwanza ni ya imani. Makanisa mengi ya mitaa hii hayataki sanamu, na yanaitaja amri inayokataza kuzisujudia. Mjadala huu ni wa kale. Karibu mwaka 600 Papa Gregori Mkuu alimwandikia Askofu Serenus wa Marseille, aliyekuwa amevunja picha kanisani mwake, akamwambia kwamba kuabudu picha ni kosa, ila kujifunza kupitia picha ni jambo jingine, kwa maana asiyejua kusoma anasoma ukutani. Bamba la Yoshua liko upande huo wa pili. Halina sura moja ya kusujudiwa. Lina kisa cha kufuatilia kwa jicho kutoka chini hadi juu. Kanisa lisilotaka hata hivyo lina haki yake, nami sitalisukuma. Yapo mengi ambayo hayana kizuizi hicho.

Pingamizi ya pili ni wizi. Madini ya rangi ya dhahabu yakiachwa nje Nairobi hayalali. Mwanzoni mwa mwaka 2022 serikali ilisimamisha kwa muda biashara ya vyuma chakavu nchini baada ya miundombinu ya umeme kuharibiwa, na kila mkazi wa hapa amewahi kuona tundu la barabarani lililopoteza kifuniko. Hata Florence haikuweza kuyalinda mabamba yake yakiwa nje. Mafuriko ya Novemba 4, 1966 yaling'oa kadhaa kutoka milangoni, na baadaye ikagundulika kuwa chumvi zilizojijenga chini ya dhahabu zilikuwa zinaisukuma juu na kuitoboa. Nakala iliwekwa mahali pake mwaka 1990. Ukarabati wa milango ya asili ulichukua miaka 27, sawa na muda wa kuitengeneza, na tangu Septemba 2012 imo ndani ya makumbusho, ikilindwa na vioo na hewa kavu. Basi sisi tuanzie ndani. Ukuta wa ndani wa kanisa, karibu na mlango, kimo cha kifua cha mtoto, unatosha. Na alumini, isiyomshawishi mwizi kama brasi, inapokea mchongo vizuri ikimiminwa kwa uangalifu.

Gharama nayo isitishe mtu. Calimala walikuwa matajiri, ila jumuiya ndogondogo za parokia zetu zimejenga majengo mazima kwa harambee. Bamba moja la sentimita 40 linaweza kuchangiwa kwa namna ileile. Napendekeza parokia moja ya Eastlands ianze na kituo kimoja tu cha Njia ya Msalaba, kile cha tano, Simoni akisaidia kuubeba msalaba. Vijana wa mtaa wafinyange vielelezo kwa udongo, vijadiliwe hadharani na wazee, kina mama na katekista, na kilichochaguliwa kipelekwe kwa fundi wa Kariobangi kwa malipo halali na jina lake liandikwe nyuma ya bamba. Waliochoka kwa kutembea Ijumaa Kuu wawe ndio mifano ya kuchorwa. Wafinyanzi wakae nao, watazame bega linavyoshuka chini ya mbao nzito na mguu unavyotafuta mahali pa kukanyaga.

Kituo cha kwanza kikifaulu, vitabaki kumi na vitatu. Kwa bamba moja kila mwaka, mtoto anayebatizwa mwaka wa bamba la kwanza atakuwa ameingia ujana la mwisho likitundikwa, na huenda akawa mmoja wa waliolifinyanga. Ghiberti alianza milango yake akiwa na umri wa zaidi ya miaka arobaini na akaimaliza akiwa mzee. Mji ulimvumilia kwa sababu uliitaka kazi nzuri. Jericho na jirani zake wana subira hiyo. Parokia iamue, mafundi waitwe, udongo ukandwe.